Waliosema hawahesabu maiti Iraq, zile risiti za rambirambi zilitoka wapi?

Kalamu Butu (mleta uzi):
Wakuu salamu. Juzi kwenye ule uzi wa vita vya Iraq watu wameparurana kurasa nne nzima kuhusu idadi ya raia waliokufa, mmoja laki moja, mwingine milioni, wa tatu anasema zote propaganda za wapinga Marekani, mpaka uzi ukafungwa. Mi nimekuja na swali jingine. Marekani aliyeivamia na kuikalia nchi ndiye mwenye helikopta, ndiye mwenye vizuizi barabarani, ndiye anayejua nani kaingia mtaa gani saa ngapi, sasa iweje yeye ndo asijue kaua wangapi, afu sisi tubaki kugombania makadirio ya madaktari waliopita mlango kwa mlango?

Na hapo ndo kuna kitu kinanikera. Walisema hawahesabu maiti, sawa, lakini walikuwa wanalipa. Kulikuwa na utaratibu kabisa, mtu akiuliwa kwa bahati mbaya familia inapewa mpaka dola 2,500, aliyejeruhiwa vibaya mpaka dola 1,500, mali ikiharibika mpaka dola 500. Jina la hayo malipo ukilileta kwa Kiswahili ni rambirambi, sio fidia, na walisisitiza wenyewe kwamba si kukiri kosa. Sasa hesabu ya hela ipo, ya watu haipo? Jeshi gani linatoa dola bila karatasi?

Karibuni, ila tusitukanane.

Jogoo la Shamba:
Nimewahi siti ya mbele. Mkuu yule jenerali aliyesema hawahesabu maiti aliongelea Iraq moja kwa moja, Tommy Franks, nakumbuka vizuri.

Mzee wa Takwimu:
Jogoo hujakumbuka vizuri. Franks alisema Bagram, Afghanistan, 2002, kabla Iraq haijavamiwa. Watu wameihamishia Iraq kwa sababu msimamo ulikuwa uleule, lakini tukianza uzi kwa kosa dogo hivi atakuja mtu mmoja atatupilia mbali uzi wote.

Jogoo la Shamba:
Sawa mzee, nimenywea.

Mzee wa Takwimu:
Ngoja niweke namba mezani maana naona kila mtu anazitaja bila kujua zinapimaje. Kuna vitu vitatu tofauti watu wanavichanganya.

Kwanza Iraq Body Count. Hawa walianza 2003, wanakusanya vifo vilivyoripotiwa, magazeti, hospitali, mochwari, kimoja kimoja, chenye tarehe na mahali. Ripoti yao ya 2005 ya miaka miwili ya mwanzo ilihesabu raia 24,865. Hiyo ni sakafu, sio paa. Mtu akifia kijijini hakuna mwandishi, akazikwa jioni hiyohiyo, hayumo.

Pili tafiti za kaya. Wale wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na madaktari wa Iraq walitoa ya kwanza kwenye jarida la kitabibu la Lancet Oktoba 2004, makundi 33 ya nyumba, kila kundi kaya 30, wakakadiria vifo vya ziada, yaani juu ya vile ambavyo vingetokea bila vita, 98,000, lakini mpaka wa chini 8,000 na wa juu 194,000. Watu wakacheka sana, wakasema hiyo sio namba ni kubahatisha. Sio hivyo jamani. Haina maana kwamba 8,000 na 98,000 zina nafasi sawa, katikati ndo pazito, pembeni pepesi. Na Fallujah waliitoa kwenye hesabu makusudi kwa sababu vifo vya pale vilikuwa vingi mno vingevuta namba yote juu. Mtu anayetaka kupika namba hatoi kitoweo kikubwa kuliko vyote.

Ya pili ikatoka Oktoba 2006, kaya 1,849, makadirio 654,965. Hapo ndo nyumba ikaungua. Rais Bush, ambaye Desemba 2005 alikuwa ametaja 30,000 hivi, akasema haioni ripoti hiyo kuwa ya kuaminika.

Tatu, utafiti mkubwa wa serikali ya Iraq na Shirika la Afya Duniani, kaya 9,345, ulitoka Januari 2008, ukasema vifo vya vurugu 151,000 mpaka Juni 2006. Kipindi kilekile ambacho Lancet imesema vya vurugu peke yake laki 6. Mara nne!

Mi msimamo wangu, ile ya 2006 ilikuwa juu mno. Lakini hata ukichukua ya serikali, 151,000 ni mara tano ya alichosema Bush, na hakuna aliyeifanyia kelele, kelele zote zilienda kwa ile kubwa.

Binti Sahil:
Mzee umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Utafiti wa 2006 wadodosaji waliomba cheti cha kifo, katika vifo 545 walivyoombea cheti familia zilitoa 501. Yaani mama anaingia ndani anatoka na karatasi. Unawezaje kusema watu wamejitungia maiti?

Mzee wa Takwimu:
Hilo ndo tatizo binti, sio jibu. Kama vyeti vilikuwa vingi hivyo, basi ofisi zilizovitoa zilikuwa na nakala, na ungezikuta laki tano na kitu kwenye makabati ya wizara. Iraq Body Count wenyewe, ambao si wapenzi wa vita hata kidogo, ndo waliouliza hilo swali. Na mtafiti mkuu alipoombwa na chama cha watafiti wa maoni Marekani atoe maelezo kamili ya njia alizotumia akakataa, wakamkemea hadharani 2009. Chuo chake nacho kikamwadhibu mwaka huohuo, kwa kosa jingine, fomu zilikuwa na majina ya watu kinyume na alivyoahidi.

Binti Sahil:
Sawa, nakubali hapo kuna kasoro. Ila tuwe waungwana, hao wadodosaji walikuwa wanatembea Iraq ya 2006. Ile ya 2004 walitumia GPS kuchagua nyumba, 2006 wakaiacha kwa sababu kukutwa na kidude kama kile mkononi kungeweza kukuua. Na palepale ndo wakosoaji wakaingilia, wakasema mmechagua nyumba za karibu na barabara kubwa ambako mabomu ni mengi. Vita inakuzuia kupima vizuri afu unalaumiwa kwa kutopima vizuri. Yaan.

Kalamu Butu:
Na ndo hapo nataka nirudi. Kwa nini daktari atembee na roho mkononi kuhesabu? Desemba 2003, miezi tisa tu baada ya uvamizi, wizara ya afya ya Iraq yenyewe ilikuwa imeanza kukusanya idadi ya raia waliouawa kutoka hospitalini, wafanyakazi wakaambiwa waache. Wakati huo nchi iko chini ya utawala wa muda wa Marekani, mkuu wake Paul Bremer. Waziri alikana kwamba amri ilitoka kwake au kwa utawala huo. Haya, haikutoka kwa mtu, ila kuhesabu kukaishia hapo.

Kamanda Mstaafu:
Naona uzi unaenda upande mmoja kama kawaida. Tuongee ukweli usiopendwa. Sehemu kubwa ya raia wa Iraq waliuawa na Wairaq wenzao na magaidi kutoka nje. Februari 2006 walilipua msikiti wa al-Askari Samarra, baada ya hapo kila asubuhi Baghdad maiti zinaokotwa zimefungwa mikono nyuma. Hao hawakuuawa na Mmarekani. UN yenyewe ilihesabu raia 34,452 waliouawa mwaka 2006, wengi ni mauaji ya kimadhehebu. Sasa mnachukua jumla yote mnambebesha askari wa miaka 19 kutoka Ohio.

Pili, kisheria ukaliaji uliisha Juni 28, 2004. Baada ya hapo majeshi yalikuwepo kwa azimio la Umoja wa Mataifa namba 1546 na kwa ridhaa ya serikali ya Iraq. Mkitaka mjadala wa sheria mje na sheria.

Kalamu Butu:
Kamanda karibu, nilikuwa nakusubiri kwa hamu.

La kwanza nakubaliana nawe kwa sehemu. Ila ile ripoti ya 2005 niliyoisoma inagawa vizuri: katika hao 24,865, majeshi ya Marekani na washirika yaliua asilimia 37, waasi asilimia 9, na uhalifu wa kawaida asilimia 36. Uhalifu mkuu! Majambazi, visasi, watekaji. Sasa nani alivunja jeshi la Iraq na kuwarudisha nyumbani mamia ya maelfu ya wanaume wenye silaha Mei 2003? Kanuni za vita za The Hague za 1907, kifungu cha 43, zinasema anayekalia nchi anabeba jukumu la kurudisha utulivu na usalama wa umma. Na azimio 1483 la Mei 2003 liliwataja Marekani na Uingereza kwa jina kwamba ni mamlaka zinazokalia. Kwa hiyo mtu akichinjwa na jambazi Juni 2003 Baghdad, muuaji ni jambazi, lakini mwenye zamu alikuwa nani?

La pili, Juni 28 kukabidhi, Juni 27 Bremer anasaini amri namba 17 iliyorekebishwa, askari wa kigeni na makampuni ya ulinzi hawashtakiki kwa sheria za Iraq. Unamkabidhi mwenye nyumba funguo, kitasa umeondoka nacho.

Jogoo la Shamba:
😂😂😂 kitasa umeondoka nacho. Kamanda jibu hilo.

Kamanda Mstaafu:
Nitajibu. Kinga ya askari wa kigeni ipo kila mahali penye kambi za Marekani, sio jambo la Iraq tu. Na hawakuachiwa tu. Wale walinzi wa Blackwater, kampuni ya ulinzi ya Marekani, waliowafyatulia watu Nisour Square, Baghdad, Septemba 2007, wakafa 17, walipelekwa mahakamani Marekani, 2014 wakatiwa hatiani, mmoja kwa mauaji ya kukusudia. Mfumo ulifanya kazi.

Binti Sahil:
Kamanda malizia sentensi. Desemba 2020 wote wanne wakapewa msamaha wa rais Trump.

Kamanda Mstaafu:
Hilo la msamaha siwezi kulitetea.

Nipo Tu:
Nimekaa hapa na kahawa nasoma. Endeleeni.

Mlinzi wa Geti:
Habari zenu. Huwa sichangii ila huu uzi umenigusa. Mi nilifanya kazi ya ulinzi kule 2008 mpaka 2009, kampuni sitaitaja, tulikuwa Waafrika wengi kutoka Uganda na Kenya, mnajua wenyewe. Nilikuwa geti la nje.

Nataka niwaambie kitu kuhusu geti. Magari ya jeshi yalikuwa na bango nyuma kwa Kiarabu na Kiingereza, ukikaribia chini ya mita 100 utapigwa. Sasa wewe fikiria dereva mzee, jua linamchoma machoni, kioo kina vumbi, anasomaje maandishi umbali wa mita 100? Anayasoma akiwa mita 40, na mita 40 ameshachelewa. Wenyeji walijifunza kwa macho, wakiona msafara wanaegesha pembeni wote, barabara nzima inasimama kama kuna msiba.

Na watu wa madai walikuwa wanakuja. Sikuwa nahusika na madai, mimi kazi yangu kupekua. Kulikuwa na baba mmoja alikuja mara tatu nnazokumbuka, mfuko wa nailoni mweupe, ndani cheti, picha ya passport ya kijana, na kikaratasi alichopewa na askari siku ya tukio kwamba apeleke madai. Kila nikipekua naifungua ile picha naifunga. Mara ya nne hakuja, sijui kalipwa sijui kakata tamaa. Sikuuliza, hatukuruhusiwa kuongea nao.

Kalamu Butu:
Pole mkuu, na asante kwa kushea. Hicho kikaratasi ndo ninachokisema. Askari alijaza, kuna mtu aliua, akaandika, akampa mhusika. Huko ndo kuhesabu kwenyewe.

Binti Sahil:
Mlinzi umenikumbusha mji wa Tal Afar, Januari 2005. Mpiga picha Chris Hondros alikuwa na doria jioni, muda wa kutotembea unakaribia, gari linakuja kwenye kona halipunguzi. Risasi za onyo, halafu risasi zenyewe. Likaviringika lenyewe polepole mpaka likasimama. Ndani baba na mama wamekufa kiti cha mbele, nyuma watoto. Ile picha ya kabinti kamechuchumaa analia gauni lina damu, miguuni kwa askari mwenye tochi, mtakuwa mmeiona.

Na kuna ile ya ishara ya mkono. Mmarekani akinyanyua ngumi maana yake simama. Kwa Mwiraq ngumi sio simama, ukitaka mtu asubiri unakusanya vidole pamoja ncha juu. Sasa unamnyooshea dereva ngumi gizani afu unapiga risasi hewani, yeye anadhani kuna majambazi wanashambulia, anakanyaga mafuta atoke hapo haraka. Anakufa kwa kukimbia risasi za onyo.

Kamanda Mstaafu:
Hapo mnaongea kitu ninachokijua. Sikwenda Iraq ila nimesimama kizuizini kwenye misheni nyingine. Sekunde ulizonazo ni tatu nne. Gari la jana lilikuwa na mabomu likaua rafiki zako wawili, la leo linakuja vilevile. Usiponiamini kaa pale wewe. Lawama ni ya aliyeweka kizuizi kwenye kona bila taa na bila mtu wa kuongea Kiarabu, sio ya kijana aliyefyatua.

Mzee wa Takwimu:
Kamanda leo tumekubaliana, niandike tarehe.

Jogoo la Shamba:
Na Haditha je? Pale hakukuwa na gari linakuja.

Kalamu Butu:
Haditha ndo inamaliza huu mjadala wa nani alikuwa anahesabu. Novemba 19, 2005, bomu la barabarani limemuua askari mmoja wa Marine. Kesho yake taarifa ya jeshi inatoka: askari mmoja na raia 15 wameuawa na mlipuko wa bomu, halafu waasi wanane wameuawa kwa kurushiana risasi. Taarifa fupi, safi. Ukweli ni watu 24, wakiwemo wanawake na watoto wadogo waliopigwa risasi ndani ya nyumba zao, na mzee wa miaka 76 kwenye kiti cha magurudumu, na wanaume watano walioteremshwa kwenye teksi. Ilijulikana kwa sababu mwanafunzi wa uandishi wa habari alipita na kamera akapiga kuta na mashuka, video ikafika jarida la Time, ikachapishwa Machi 2006.

Sasa sikilizeni. Kabla Time haijaandika chochote, wakati taarifa rasmi bado inasema wameuawa na bomu la adui, familia zilikuwa zimeshalipwa rambirambi, jumla dola 38,000. Bomu katega adui, rambirambi unatoa wewe?

Kesi ilianza na washtakiwa wanane, ikaishia 2012 kwa sajini mmoja kukiri uzembe kazini. Akashushwa cheo. Jela hakukaa hata siku moja.

Mlinzi wa Geti:
Kwetu rambirambi anatoa jirani. Anatoa anayekuja kukaa na wewe msibani. Aliyeua akileta hela tunaiita jina jingine, na huwa anakuja na wazee wake, anainamisha kichwa.

Nipo Tu:
Daah.

Mzee wa Takwimu:
Niongezee la mwisho kwenye namba. Oktoba 2010 WikiLeaks, wale wa mtandao wa kuanika nyaraka za siri, walimwaga kumbukumbu za jeshi lenyewe, ripoti 391,832 za kila siku, na ndani yake vifo 109,032, raia 66,081. Zilikuwa ndani ya kompyuta za jeshi miaka yote. Iraq Body Count walipozilinganisha na orodha yao wakakadiria kuna vifo vya raia kama 15,000 ambavyo hawakuwahi kuvisikia popote. Aliyezitoa, Chelsea Manning, akapewa miaka 35, Obama akaipunguza 2017.

Kwa hiyo mleta uzi uko sahihi kwa sehemu kubwa. Ila nakusahihisha, kumbukumbu zile nazo hazijakamilika, kuna matukio tunayajua kwa hakika na humo yameandikwa kama waasi.

Kamanda Mstaafu:
Na wengi wa hao 66,081 waliuawa na Wairaq. Weka na hilo.

Mzee wa Takwimu:
Naliweka. Ni kweli.

Kalamu Butu:
Nimalizie na faili moja afu nikalale. 2007 chama cha kutetea haki za raia Marekani, ACLU, kiliomba kwa sheria mafaili ya madai kikayapata kama 500 ya Iraq na Afghanistan, yakawekwa wazi. Kuna la mvuvi wa mto Tigris, karibu na Tikrit. Askari wamewaona kwenye boti, mvuvi na mwenzake wananyanyua samaki juu waonekane, wanapiga kelele kwamba ni samaki tu. Mmoja akainama azime injini. Wakampiga.

Familia ikapeleka madai. Majibu: kifo hakilipwi, kwa kuwa sheria yao inaondoa vifo vya mapambano na hilo limehesabiwa kuwa pambano. Lakini boti baada ya kukosa mtu ilielea ikaondoka na mkondo, vitu vikaibiwa, na hiyo wakaona ni haki kulipia. Wakalipa dola 3,500.

Jogoo la Shamba:
Subiri. Walilipia boti?

Kalamu Butu:
Boti, wavu na simu yake.